Nataka kufungua msimbo wa programu yetu ya kuchati uwe mradi wa jamii. Jamii huja yenyewe au huitwa?

#1 Mti Mkavu
Wakuu salaam.

Mimi na wenzangu wawili tuliandika programu ya kutumiana ujumbe, ya simu na ya kompyuta, pamoja na seva yake. Huu ni mwaka wa tano. Watumiaji wapo, si wengi ila hawaondoki. Shida ni kwamba siku hizi naihangaikia peke yangu, tena usiku, baada ya kazi inayonilisha. Hitilafu zimerundikana. Moja inanidhalilisha kabisa: alama ya "umesomwa" hujiwasha hata kama mwenzako hajaufungua ujumbe. Kuna watu wamenuniana wiki nzima kwa ajili yangu.

Nimeamua kuweka msimbo wote hadharani, uwe wa chanzo huria, watu waje tusaidiane. Zulip, programu ya kuchati ya vikundi vya kazi, ilianzishwa na Dropbox, wakaifungua, leo ina mamia ya wachangiaji. Hoja yangu ni hii: programu ikiwa nzuri na msimbo ukiwa wazi, jamii itakuja yenyewe. Kama kuna sababu ya kusubiri naomba niisikie leo, maana kesho nabonyeza kitufe.

Nawasilisha.

#2 Kisu Butu
Hata inzi hawaji wenyewe mkuu. Lazima kuwe na kitu kinanuka.

#3 Nyuzi Saba
Mkuu Mti Mkavu, usibonyeze kwanza.

Nianze na Zulip maana umeielezea kinyume. Dropbox hawakuianzisha. Zulip ilianza 2012 kama kampuni changa ya watu wachache, Dropbox wakainunua 2014 ikiwa bado kwenye majaribio. Baada ya hapo ikakaa tu, haikuuzwa wala haikuzimwa, kuna watu waliokuwa wanaitumia na wakakataa kuhama. Msimbo ulifunguliwa Septemba 2015, kwa leseni ya Apache (chukua, badilisha, hata bila kurudisha mabadiliko), na ilikuwa kazi ya ile wiki ya wafanyakazi wa Dropbox kujichagulia miradi. Walitoa seva, programu za simu, za kompyuta, mpaka maelekezo ya kusimika kila kitu.

Sasa hapo ndipo watu wengi husimulia hadithi nusu. Jamii haikuja kwa sababu ya tangazo. Tim Abbott, mmoja wa waanzilishi, alirudi akaufanya mradi huo kazi yake. Akaandika mwongozo wa wachangiaji ambao ukichapwa ni kitabu. Mgeni akikwama kusimika mazingira ya kazi, hiyo inahesabiwa hitilafu ya mradi, si uzembe wa mgeni. Wakawa wanapokea wanafunzi kila mwaka kupitia Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wanaojifunza kuandika msimbo huria. Huo ni ualimu, tena wa miaka.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama msimbo uko wazi. Jiulize hivi: mtu ambaye hajawahi kukuona akipakua msimbo wako leo jioni, atalala programu ikiwa inafanya kazi kwenye mashine yake?

#4 Mti Mkavu
Asante Nyuzi Saba, nimesahihishwa. Jibu la swali lako ni hapana. Hata mimi nilipobadilisha kompyuta nilichukua siku tatu kuisimika upya, na mimi ndiye niliyeiandika.

#5 Mzee wa Seva
Nyote mnazungukia pembeni. Programu ya kuchati si kama programu ya kuchora. Ya kuchora ukishapewa msimbo umepewa kila kitu. Ya kuchati ni nusu tu, nusu ya pili ni wale watu walio upande wa pili wa waya. Mwenye seva ndiye mwenye mji.

Angalieni Telegram. Programu za simu na kompyuta msimbo wake uko wazi, watu wametengeneza matoleo yao mengi tu. Seva imefungwa. Hiyo ni jamii? Hao ni wapangaji wanaoruhusiwa kupaka rangi ukuta.

Sasa linganisheni na Jabber. Jeremie Miller aliitangaza Januari 1999, na hakutoa programu peke yake, alitoa itifaki, yaani kanuni za programu kuongea: mtu yeyote asimike seva yake na seva ziongee zenyewe kwa zenyewe kama barua pepe. 2004 ikapitishwa rasmi kwa jina la XMPP. Miaka imekwenda, waliokuwa wakubwa siku zile wamezikwa. AIM ya AOL ilizimwa Desemba 2017, Yahoo Messenger Julai 2018, ICQ Juni 2024. XMPP bado inapumua.

Kijana akifungua msimbo huku seva ikibaki moja, chumbani kwake, asitegemee watu wajione ni wenye mali.

#6 Tarakimu
Mzee wa Seva naheshimu, ila mbona umeruka Signal? Seva moja, kampuni moja, na msimbo uko wazi tangu TextSecure, mtangulizi wake, ilipofunguliwa Desemba 2011, muda mfupi baada ya Twitter kuinunua kampuni yake. Watu wanaiamini kuliko hizo seva mia za Jabber ambazo nusu yake zinaendeshwa na mtu aliye likizo.

#7 Mzee wa Seva
Signal sikuiruka, niliiweka akiba.

Moja, kati ya Aprili 2020 na Aprili 2021 msimbo wa seva yao uliowekwa hadharani haukusasishwa, karibu mwaka mzima, huku seva yenyewe ikiendelea kubadilika. Watu walilalamika wee. Pili, 2016 kuna waliotengeneza LibreSignal, toleo lisilotegemea huduma za Google. Moxie Marlinspike, mwanzilishi wa Signal, akawaambia wazi hataki watumie seva zake wala jina lake. Alikuwa na haki, seva zinalipiwa na yeye. Lakini hapo ndipo utajua tofauti ya msimbo huria na mradi wa jamii. Msimbo unao. Kauli huna.

#8 Kisu Butu
"Nusu yake zinaendeshwa na mtu aliye likizo." Mimi ni huyo mtu na sijapenda.

#9 Bi Mkalimani
Samahani, naomba nirudi #1. "Mimi na wenzangu wawili." Mtoa mada, hao wawili wako wapi? Na je, wameridhia?

#10 Mti Mkavu
Dada, mmoja tuko pamoja, kaajiriwa sehemu ila amesema fanya unavyotaka. Wa pili aliondoka mwaka wa tatu. Hatukuachana vizuri. Yeye ndiye aliyeandika sehemu ya kutuma mafaili na ile ya usimbaji fiche. Ila nadhani hilo halina shida kwa sababu programu ni ya wote.

#11 Bi Mkalimani
Hapo kwenye "nadhani" ndipo penyewe.

Kama hamkuwa na kampuni iliyomwajiri, wala karatasi aliyosaini ya kukabidhi haki, basi mistari aliyoiandika ni mali yake kisheria. Kuwa wazi machoni mwako hakukupi ruhusa ya kuigawa kwa leseni unayoichagua wewe. Ukiweka leseni ya GPL (ukigawa programu, gawa na msimbo kwa masharti yale yale) juu ya kazi ya mtu ambaye hakukubali, umegawa kitu kisicho chako, na kila atakayekuja kuchangia anajenga juu ya kiwanja chenye mgogoro.

Msidhani ni mambo ya nadharia. VideoLAN walipotaka kuhamisha moyo wa VLC, programu yao ya kuchezea video, kutoka GPL kwenda LGPL iliyo legevu zaidi, mwaka 2011 hadi 2012, ilibidi watafutwe mamia ya waandishi mmoja mmoja. Wapo waliokuwa wameandika mistari michache miaka mingi nyuma, wamebadilisha barua pepe, wamebadilisha kazi. Wote lazima waulizwe. Na huo ulikuwa mradi ambao tayari ulikuwa huria, walitaka tu kubadilisha leseni.

Netscape nao walipofungua msimbo wa kivinjari chao, 31 Machi 1998, walilazimika kwanza kuchomoa vipande vya kampuni nyingine na sehemu zote za usimbaji fiche. Kilichotoka kilikuwa gari bila magurudumu. Mozilla 1.0 ilikuja Juni 2002. Hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya leseni, kabla ya mwongozo, kabla ya seva: mtafute mwenzako.

#12 Koleo
Bi Mkalimani kamaliza, mimi naongeza la kwangu ambalo liliniumiza.

Nilikuwa na mradi mdogo, roboti ya kujibu ujumbe. Nikausafisha, nikafuta faili lenye nywila za hifadhidata, nikapakia. Nilichosahau ni kwamba git, programu inayotunza historia ya msimbo, haisahau. Faili ulilolifuta leo lipo kwenye historia ya jana, na mtu akipakua anapata zote mbili. Sikumaliza hata saa moja. Kuna mashine kazi yake ni kuvinjari misimbo mipya inayowekwa hadharani zikitafuta funguo. Asubuhi hifadhidata ilikuwa tupu, nimeachiwa ujumbe wa kudai pesa.

Programu ya kuchati ni mbaya zaidi. Kuna funguo za kutuma arifa kwenye simu, funguo za kusaini toleo, vyeti vya seva, na kwenye majaribio mara nyingi watu wanaacha mazungumzo halisi ya watumiaji kama mfano. Mazungumzo ya watu! Ama uanze historia mpya safi, ama upitie ya zamani badiliko kwa badiliko. Na funguo zote zilizowahi kuonekana humo zibadilishwe hata kama unajua hakuna aliyeziona.

#13 Mti Mkavu
Koleo umenitoa jasho. Nakumbuka mwaka wa kwanza tuliweka nywila ya seva ndani ya msimbo "kwa muda". Naenda kuangalia.

#14 Mti Mkavu
Bado ipo.

#15 Kisu Butu
"Kwa muda" ndiyo sehemu imara kuliko zote kwenye programu yoyote.

#16 Funga Mkanda
Tuongee leseni sasa, maana hapo ndipo jamii inapovutwa au kufukuzwa, hayo mengine ni usafi tu.

Kwa kitu chenye seva mimi sioni mjadala, ni AGPL. Ukitumia GPL ya kawaida, kampuni kubwa inachukua seva yako, inaiboresha kimya kimya, inawauzia watu huduma, na haidaiwi wala haikupi chochote, kwa sababu haikugawa nakala ya programu, imegawa huduma. AGPL inaziba tundu hilo: ukiwahudumia watu kupitia mtandao kwa msimbo uliobadilisha, wape na mabadiliko.

Watu wa Matrix, itifaki nyingine ya kuchati, wamelijua hilo kwa maumivu. Element, kampuni inayoandika sehemu kubwa ya msimbo wa seva ya Synapse, walikuwa na Apache miaka yote. Mwishoni mwa 2023 wakahamia AGPL, na sababu waliyoitoa ni kwamba wengine wanachuma kwa kazi yao bila kurudisha kitu.

#17 Nyuzi Saba
Lakini Funga Mkanda malizia hadithi. Walipohamia AGPL waliweka pia mkataba ambao kila mchangiaji lazima aukubali, unaoipa kampuni haki ya kuuza msimbo huo kwa leseni nyingine. Kuna waliokasirika hapo. Mchangiaji anafungwa na AGPL, kampuni haifungwi. Wapo wanaoona ni haki kwa kuwa kampuni ndiyo inalipa mishahara, wapo wanaoona ni mlango wa nyuma.

Kuna njia ya tatu, ile waliyoanzisha watu wa Linux 2004: mchangiaji anatamka tu, kwa mstari mmoja chini ya kila badiliko, kwamba kazi hii ni yake au ana haki ya kuitoa. Hakabidhi kitu. Kwa mradi wa mtu mmoja anayelala saa nne kwa siku, hiyo inatosha.

Na Zulip ina Apache mpaka leo, haijafa. Kwa hiyo "sioni mjadala" punguza.

#18 Funga Mkanda
Nimepunguza hadi "naona mjadala mdogo".

#19 Gogo
Mimi nauliza kitu cha kijinga. Akifungua, halafu mtu akachukua msimbo wote akaenda nao njia yake na jina lingine, hiyo inaitwaje kwa Kiswahili?

#20 Kisu Butu
Mchepuko.

#21 Gogo
Hapana jamani, niko serious.

#22 Mzee wa Seva
Na yeye yuko serious. Mradi mkuu upo nyumbani, mwingine umechepuka nao. Mingine inarudi, mingine inajenga kabisa huko huko. Miranda IM ilichepukwa 2012 ikazaliwa Miranda NG, na leo anayeongelewa ni huyo wa pili.

#23 Tarakimu
Kwenye michepuko nina kisa nakipenda. Pidgin, programu ya kuchati ya kompyuta inayoongea na mitandao mingi, toleo la 2.4 mwaka 2008. Waliondoa uwezo wa mtumiaji kuvuta kisanduku cha kuandikia kiwe kikubwa au kidogo, kikawa kinajikuza chenyewe kadiri unavyoandika. Basi. Watu wakaja juu, watunzaji wakakataa kurudisha, malumbano yakawa marefu kuliko msimbo wenyewe. Mwisho wapo waliochepuka kabisa wakatengeneza Funpidgin, baadaye ikaitwa Carrier. Kisa kisanduku.

Kwa hiyo mtoa mada unapoota jamii, ota na hiyo siku. Watakuja watu wanaopenda programu yako kuliko wewe, na watakuambia umeiharibu. Ukiwa na seva yako na msimbo umefungwa wangenung'unika tu. Ukiufungua wana uwezo wa kuondoka na nyumba.

Pidgin wenyewe zamani waliitwa Gaim, wakashitakiwa na AOL mahakamani wakabadilisha jina.

#24 Nyuzi Saba
Tarakimu, hiyo sentensi ya mwisho rekebisha. Ulikuwa mvutano wa muda mrefu kuhusu alama ya biashara, kwa sababu ya herufi AIM ndani ya Gaim, ukaisha kwa makubaliano na jina jipya Aprili 2007. Si hukumu ya mahakama.

Kuna jambo lao jingine lenye somo zuri zaidi kwa mtoa mada. Walitenganisha injini na sura. Injini, ile sehemu inayojua kuongea na mitandao, ikaitwa libpurple. Juu yake Adium ikakaa kwenye Mac, Finch ikakaa kwenye skrini ya maandishi matupu. Kwa hiyo mtu asiyejua kuchora madirisha alichangia injini, na asiyejua itifaki alichangia madirisha. Programu yako ikiwa donge moja, mgeni lazima alielewe donge zima kabla hajagusa mstari.

#25 Mzee wa Seva
Ni kweli, na libpurple ilikuwa kazi safi. Lakini Nyuzi Saba, AIM ilipozimwa 2017 hiyo injini ilibaki na nini cha kuongea nacho upande ule? Mashua nzima, bahari imekauka. Narudi pale pale #5.

#26 Mkia
Yote haya ni kazi bure. Google walikuwa na Wave, programu ya kuchati na kuandika pamoja, wakaitangaza 2009 kwa mbwembwe, wakaiua na msimbo wakaufungia. Kama Google walishindwa, mtu mmoja usiku atawezaje?

#27 Tarakimu
Mkia, umekosea nusu. Wave hawakuifungia. Agosti 2010 walitangaza kuacha kuiendeleza, Desemba mwaka huo ikaingia Taasisi ya Apache kama mradi wa jamii. Msimbo wazi, leseni safi, jina kubwa, taasisi yenye uzoefu. Ikakaa hapo miaka saba, ikastaafishwa Januari 2018 bila kufika popote.

Kwa hiyo hoja yako ina nguvu zaidi ya ulivyodhani. Hakuna kilichokosekana ila watu wanaoihitaji. Wave ilifunguliwa baada ya kufa. Zulip ilifunguliwa ikiwa na wanaokataa kuhama.

#28 Nyuzi Saba
Nakataa kidogo. Wave ilikuwa ngumu mno kuisimika na kuielewa. Wanaoihitaji walikuwepo, mlango ndio ulikuwa juu.

#29 Mzee wa Seva
Na mimi nakataa nyote, ila nimechoka kuandika kwenye simu.

#30 Kisu Butu
Kuna aliyefungua msimbo bila kumuuliza mtu kabisa. Justin Frankel wa Nullsoft, wakati huo kampuni ikiwa chini ya AOL, Mei 2003 aliweka mtandaoni WASTE, programu ya kuchati na kubadilishana mafaili kwa vikundi vidogo, kwa GPL. Siku ya pili AOL wakaiondoa, wakaweka tangazo kwamba haikuidhinishwa na kila aliyepakua aifute. Hakuna aliyefuta. Nakala zikaendelezwa na watu wengine kwa miaka.

Nasimulia tu. Simshauri mtu.

#31 Bi Mkalimani
Na wewe Kisu Butu unajua kabisa hicho kisa ndicho kinachoonyesha hatari. Mpaka leo ukiuliza kama ile leseni ilikuwa halali, wanasheria wawili watakupa majibu matatu.

#32 Chelezo
Nimekuwa msomaji kimya wa uzi huu, naomba nichangie la kwangu maana naona mnatisha watu.

Mimi nina mradi wa kuchati kwa ajili ya watu wenye intaneti dhaifu. Niliufungua bila mwongozo wala injini wala jina la maana. Mwaka na nusu nilipokea malalamiko tu. Si badiliko hata moja. Nikakata tamaa. Siku moja mtu ambaye si mwandishi wa programu kabisa akauliza kama anaweza kutafsiri maneno ya kwenye vitufe. Nikamwambia maneno yako ndani ya msimbo, ngoja niyatoe niyaweke kwenye faili moja. Nilichukua wikiendi mbili. Akatafsiri, akaleta rafiki yake wa lugha nyingine, rafiki akaona neno halienei kwenye kitufe akajifunza kurekebisha kitufe. Huyo wa kitufe leo ndiye anayekagua mabadiliko nikiwa naumwa.

Sijui hiyo ni leseni, ni seva au ni ualimu. Kwangu ilikuwa faili la tafsiri.

#33 Gogo
Chelezo hapo umenigusa. Kwa Kiswahili uliandika nini pale kwenye kijani, mtu akiwa yupo? "Yupo mtandaoni"?

#34 Chelezo
"Yupo hewani." Kulikuwa na ugomvi wa wiki mbili.

#35 Kisu Butu
Aliye hewani ni ndege na mtangazaji wa redio. Iwe "yupo".

#36 Bi Mkalimani
"Yupo" peke yake inaleta maswali. Yupo wapi? Mimi kwenye kazi zangu naweka "yupo mtandaoni", ndefu ila haina kesi. Na pale mwenzako anapoandika, wekeni "anaandika…" tu, nimeona mahali "yuko katika kuandika", ni aibu.

#37 Mzee wa Seva
Tumetoka kwenye haki za umiliki tumefika kwenye kitufe cha kijani. Halafu mnashangaa kile kisanduku cha Pidgin.

#38 Koleo
Kabla hatujapotea kabisa, kwenye hadithi ya Chelezo kuna kitu kinaniwasha. "Leo ndiye anayekagua mabadiliko." Huyo mtu unamjua?

Siulizi kwa ubaya. Machi 2024 dunia nzima ilishtuka na XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili. Mtunzaji alikuwa mmoja, amechoka, anasema hadharani kwamba amechoka. Akatokea msaidizi mwenye jina la Jia Tan, mpole, mchapakazi, akajenga imani zaidi ya miaka miwili mpaka akapewa funguo. Kisha akaingiza mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Uligunduliwa na Andres Freund kwa sababu tu aliona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde.

Na kwenye ulimwengu wetu wa kuchati, mwaka huo huo, Pidgin waligundua kwamba programu-jalizi moja iliyokuwa kwenye orodha yao ya nyongeza za watu wengine ilikuwa inanasa maandishi ya kibodi na picha za skrini. Iliingia Julai, ikatolewa Agosti. Msimbo wake haukuwa wazi na hakuna aliyeuliza. Baada ya hapo wakaweka sharti kwamba nyongeza isiyo na leseni huria haiorodheshwi.

Mti Mkavu, wewe kwa maandishi yako #1 ni mtu aliyechoka anayesubiri mgeni aje na mikono yenye nguvu. Huyo ndiye mteja wa Jia Tan.

#39 Chelezo
Nimemjua kwa sauti, hatujawahi kuonana. Umeniharibia usiku, ila nitaongeza mkaguzi wa pili.

#40 Tarakimu
Hakuna aliyegusa pesa na tuko #40. Seva ya kuchati inakula umeme kila siku hata kama hakuna anayechangia mstari. Signal walipata taasisi 2018 na dola milioni 50 za Brian Acton, yule wa WhatsApp, na bado wanaomba michango. Mti Mkavu, siku ukiutoa mradi kwa jamii, bili inakwenda kwa nani?

#41 Funga Mkanda
Ndiyo maana mimi nasema AGPL, halafu unauza huduma ya kusimikiwa kwa…

#42 Mzee wa Seva
Ndiyo maana mimi nasema kila mtu asimike seva yake, bili inagawanyika yenyewe.

#43 Kisu Butu
Na ndiyo maana mimi nasema nipo likizo.

#44 Mti Mkavu
Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili. Sikubonyeza.

Nilichofanya: nimebadilisha nywila na funguo zote. Nimeanza historia mpya, ya zamani nimeifungia kwenye diski. Maneno ya vitufe nimeanza kuyatoa kwenye msimbo, nimefika nusu. Injini na sura bado ni donge, sijui nianzie wapi. Leseni sijaamua, Funga Mkanda na Nyuzi Saba mmenichanganya sawasawa. Bili ya seva nitaendelea kuilipa mimi mpaka hapo.

Na jana usiku nimemwandikia yule mwenzetu. Nimeandika nikafuta mara nyingi, mwisho nikaweka mistari mitatu tu, nikaomba idhini ya ile sehemu yake na nikaomba radhi kwa lile jingine. Nimemtumia kupitia programu yetu yenyewe, nimekuta bado ana akaunti. Ujumbe umefika. Umesomwa. Hajajibu, na hilo linaniuma kuliko nilivyotegemea.

#45 Bi Mkalimani
Pole sana. Mpe muda. Asipojibu, hizo sehemu mbili zinaandikwa upya na mtu ambaye hajawahi kuusoma msimbo wake, usiandike wewe.

#46 Kisu Butu
Mti Mkavu, ngoja kwanza. Umesomwa kwa alama ipi? Ile ya #1 inayojiwasha yenyewe?

#47 Mti Mkavu
…

Naomba namba yake kwa yeyote anayeweza kunisaidia kukumbuka nilipoiandika.